Waliotumika Bila Cheo: Wanawake wa Mau Mau katika Riwaya na katika Historia

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuchunguza jinsi wanawake waliotumika katika vita vya Mau Mau walivyosawiriwa katika riwaya na masimulizi ya Kenya, na hasa jinsi maisha yao baada ya vita yalivyoelezwa au yalivyoachwa bila kuelezwa. Vitabu viwili vitatuongoza: A Grain of Wheat cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichotoka mwaka 1967, na Passbook Number F.47927 cha Muthoni Likimani, kilichotoka mwaka 1985. Cha kwanza ni riwaya kamili. Cha pili ni mfululizo wa masimulizi ambayo wahusika wake wamebuniwa lakini msingi wake ni mambo yaliyowapata wanawake wa Kenya ya Kati na wa Nairobi wakati wa Hali ya Hatari.

Yumkini msomaji atauliza: kwa nini mtu anayetaka kujua historia aende kwenye riwaya, ilhali kuna nyaraka za serikali, ripoti za mahakama na kumbukumbu za walioshiriki? Swali hilo ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Nyaraka nyingi za Hali ya Hatari ziliondolewa nchini na Waingereza walipokuwa wakiondoka. Ni mwaka 2011 tu ambapo serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi huko Hanslope Park majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37, na kwamba takriban 1,500 kati ya hayo yalihusu Kenya. Kwa muda wa karibu nusu karne, basi, mwanahistoria alinyimwa karatasi. Katika muda huohuo mtunzi wa riwaya alikuwa na chanzo ambacho hakikuweza kufungiwa kabatini, yaani kumbukumbu za mama zake, dada zake na majirani zake. Riwaya haikuwa pambo la historia. Katika mambo fulani ilitangulia historia.

Usuli wa Kihistoria

Ni kosa kudhani kwamba wanawake waliingia katika siasa za Kenya mwaka 1952, siku Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari. Miaka 30 kabla ya hapo, tarehe 16 Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai kuachiliwa kwa Harry Thuku. Wanaume walipoelekea kutawanyika, Mary Muthoni Nyanjiru aliwakejeli kwa ishara ya kale ya laana ya mwanamke, akawataka wampe yeye suruali zao. Umati ukasonga mbele, askari wakafyatua risasi, naye Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Katika miaka ya 1930 wanawake waliochoshwa na kuwekwa kando na chama cha KCA waliunda chama chao, Mumbi Central Association. Mwaka 1948 wanawake wa Murang'a waligoma kuchimba matuta waliyolazimishwa na serikali. Tena kiapo cha Olenguruone, ambacho wanahistoria wengi hukitaja kuwa chemchemi ya viapo vya Mau Mau, kilitolewa kwa wanaume, wanawake na watoto pia.

Vita vilipoanza, wanawake walikuwamo kila mahali. Wako waliokwenda msituni, wakabeba silaha na kulala kwenye baridi ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Mashuhuri zaidi kati yao ni Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha fildi masho. Waliobaki vijijini na mijini walikuwa wengi zaidi. Hao ndio waliokusanya chakula, dawa, nguo, risasi na habari, wakavipitisha mbele ya macho ya askari. Mjini Nairobi Wambui Waiyaki, aliyekuja kujulikana baadaye kama Wambui Otieno, alikuwa miongoni mwa waliopeleleza na kuviendesha vyombo vya harakati katika jiji lililojaa doria.

Serikali ya kikoloni ilielewa upesi maana ya kazi hiyo. Mwezi Aprili 1954 ilifagia Nairobi katika Operesheni Anvil, na maelfu ya watu wakapelekwa vizuizini. Mwezi Juni mwaka huohuo iliamua kuwahamisha Wagikuyu, Waembu na Wameru katika vijiji vya lazima. Kufikia mwisho wa mwaka 1955 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamevunjiwa nyumba zao na kusongamanishwa katika vijiji zaidi ya 800, vilivyozungukwa na mahandaki na miiba, chini ya ulinzi wa homugadi. Kwa kuwa wanaume wengi walikuwa msituni, gerezani au kizuizini, wakazi wa vijiji hivyo walikuwa hasa wanawake, wazee na watoto. Caroline Elkins, katika kitabu chake cha mwaka 2005, ameshikilia kwamba vijiji hivyo vilikuwa namna nyingine ya kizuizi. Wanawake ndio waliochimba mahandaki, likiwamo lile la takriban maili 50 lililopita ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, ambalo shabaha yake ilikuwa kuwatenga wapiganaji na chakula. Tunaweza kusema kwamba mwanamke alilazimishwa kuchimba kwa mikono yake mpaka uliomtenga na mumewe.

Hayakuishia hapo. Kati ya mwaka 1954 na 1960 wanawake wapatao 8,000 waliwekwa kizuizini, wengi wao katika kambi ya Kamiti. Na wale walioitwa sugu walipelekwa Gitamayu. Hesabu hii inatupasa tuitafakari. Serikali haimfungi mtu bila kesi, ikamlisha na kumlinda kwa miaka, kwa sababu tu amempikia mumewe uji. Iliwafunga wanawake hao kwa kuwa iliwaona kuwa sehemu ya jeshi lililoipinga.

Neno "Kusaidia" na Neno "Kutumika"

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo ni la lugha kabla ya kuwa la historia. Katika vitabu vya shule na katika hotuba za sikukuu, aghalabu wanawake wa Mau Mau husemwa kwamba "waliwasaidia" wapiganaji. Neno hili laonekana la heshima, lakini lina hila ndani yake. Anayesaidia yuko nje ya kazi yenyewe. Kazi ni ya mwingine, yeye ameongeza mkono tu. Baada ya kazi mwenye kazi hulipwa, na msaidizi huambiwa ahsante.

Lakini wapiganaji wenyewe walijiitaje? Katika Kigikuyu waliitwa itungati. Neno hilo lina shina moja na kitenzi gũtungata, yaani kutumikia, na lina undugu na ndungata, yaani mtumishi. Mpiganaji wa msituni, kwa lugha yake mwenyewe, alikuwa mtu anayetumikia. Kiswahili nacho hakiko mbali na wazo hilo. Mzee aliyepelekwa Burma na jeshi la KAR hasemi tu kwamba alipigana. Husema kwamba alitumika. Yawezekana mzee huyo alikuwa mpishi, dereva au mbeba mizigo na hakufyatua risasi hata moja, na bado hakuna amnyimaye neno hilo. Jeshi lolote lina wapishi, wauguzi, wapelelezi, matarishi na waweka hazina, na wote huhesabiwa kuwa askari wa jeshi hilo.

Kwa kipimo hicho, mwanamke aliyebeba risasi kutoka Nairobi hadi Naivasha alitumika. Aliyepokea barua usiku na kuifikisha ukingoni mwa msitu alitumika. Aliyekula kiapo, akahojiwa, akapigwa, asiseme, alitumika pengine kuliko wengi. Kumwita msaidizi ni kumwondoa katika daftari kwa neno moja laini. Hili ni jambo la kustaajabisha: mkoloni, aliyekuwa adui, aliwahesabu wanawake hawa kuwa askari wa upande wa pili, akawaadhibu hivyo, taifa lililopatikana kwa jasho lao likawahesabu kuwa wasaidizi, likawashukuru hivyo.

Wanawake wa A Grain of Wheat

Riwaya ya Ngũgĩ inatukia katika siku chache zinazotangulia Uhuru wa tarehe 12 Desemba 1963, katika kijiji cha Thabai, ingawa kumbukumbu za wahusika zinaturudisha nyuma miaka mingi. Wahakiki wengi wameishughulikia kwa upande wa Mugo, msaliti anayedhaniwa kuwa shujaa. Tukiisoma kwa kuwatazama wanawake, tunaona kwamba mtunzi ametuwekea wanawake wanne wa vita, na kila mmoja amepewa njia yake.

Wa kwanza ni Njeri, msichana ambaye hakupendwa na Kihika kama yeye alivyompenda. Kihika anapoingia msituni, Njeri anamfuata huko, anapigana, anauawa. Maelezo yake ni mafupi mno. Wa pili ni Wambuku, aliyependwa na Kihika lakini hakutaka aende vitani. Yeye anabaki kijijini, anapigwa akiwa mja mzito wakati wa kazi ya lazima ya kuchimba handaki, na baadaye anafariki. Aliyekwenda msituni na aliyekataa msitu wote wawili wanakufa. Mtunzi hakuhitaji kuhubiri. Kwa kuwaweka wanawake hawa sambamba ameonyesha kwamba katika vita hivi mwanamke hakuwa na mahali pa kujificha.

Wa tatu ni Wambui, bibi mzee anayebeba habari na silaha. Kipo kisa anachobeba bastola ndani ya nguo zake, akakutana na msako wa ghafla, akajiokoa kwa ulimi wake na kwa umri wake. Kisa hicho kina ucheshi, lakini kina ukweli wa kihistoria pia: wanawake wengi waliutumia udhaifu waliodhaniwa kuwa nao kama silaha. Baadaye Wambui ndiye anayekalia kiti cha hakimu katika kesi ya Mugo, na katika kurasa za mwisho tunamwona hana furaha ya ushindi. Uhuru umefika, naye hajui afanye nini na haki aliyoitekeleza.

Wa nne, na aliye muhimu kuliko wote, ni Mumbi. Mumewe Gikonyo yuko kizuizini kwa miaka sita. Nyumba yao inachomwa, naye anajenga nyingine kwa mikono yake. Anawatunza wazee, anachimba handaki, anakabili njaa. Siku anapopata habari kwamba mumewe anarudi, katika mchanganyiko wa furaha na uchovu, anajikuta mikononi mwa Karanja, chifu wa homugadi. Na mumewe anaporudi anakuta mtoto asiye wake. Gikonyo naye amekwisha kuungama kiapo ili arudi kwa mke huyuhuyu. Ameficha ungamo lake, lakini mtoto hafichiki.

Hapa ndipo riwaya inaposema jambo ambalo nyaraka hazisemi. Vita vya Mau Mau vilikuwa na namna mbili za kushindwa. Ya mwanaume ilikuwa ya maneno: aliungama mbele ya afisa, akatia alama kwenye karatasi, na karatasi ikafungiwa. Ya mwanamke mara nyingi ilikuwa ya mwili: ilionekana, ikalia usiku, ikahitaji kulishwa. Baada ya vita wa kwanza aliweza kusimama jukwaani na kuitwa mpigania uhuru. Wa pili aliulizwa mtoto ni wa nani. Ngũgĩ hakumhukumu Mumbi, na mwishoni Mumbi anakataa kurudi kwa mumewe kana kwamba hakuna kilichotukia. Anataka kwanza wazungumze. Sharti hilo la mazungumzo ni mojawapo ya madai ya haki yaliyo wazi kabisa katika riwaya zetu.

Hata hivyo hatuna budi kutaja upungufu. Mumbi ana jina la mama wa taifa la Wagikuyu, na jina hilo linamwelemea. Kigoda ambacho Gikonyo anaazimia kuchonga mwishoni kina sura ya mwanamke mja mzito. Mwanamke amekuwa alama ya Kenya itakayozaliwa. Ni alama nzuri, lakini alama hailimi wala haina shamba. Tatizo hilihili lipo katika tamthilia ya The Trial of Dedan Kimathi, ambayo Ngũgĩ aliiandika pamoja na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ikachezwa Nairobi mwaka 1976 na kutolewa kwa Kiswahili kama Mzalendo Kimathi mwaka 1978. Mhusika wake shujaa, anayebeba bastola ndani ya mkate, anaitwa Mwanamke tu. Kwa kukosa jina amewakilisha wanawake wote. Kwa kukosa jina pia amefanana na wale wote ambao hawakuandikwa popote.

Ushahidi wa Muthoni Likimani

Mwaka 1985, wakati Nairobi ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa kufunga Muongo wa Wanawake, Muthoni Likimani alitoa kitabu ambacho jina lake ni namba. Namba hiyo ni ya kitabu chake mwenyewe cha pasi, alichotakiwa kukibeba wakati wa Hali ya Hatari kama Wagikuyu, Waembu na Wameru wengine. Likimani alikuwa binti wa kasisi wa Kianglikana kutoka Murang'a, mwalimu na mtangazaji. Hakuwa mtu wa msituni, na hakudai kuwa alikuwa.

Kitabu chake hakina shujaa mmoja. Kinapita kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke, kutoka mjini hadi kijijini: huyu anatafuta karatasi ya kumruhusu kukaa Nairobi, yule anachimba handaki alfajiri mtoto akiwa mgongoni. Wako wanaowatii homugadi mchana na kuwapelekea wapiganaji chakula usiku. Kwa muundo wa riwaya ya kawaida hili lingekuwa kosa, kwa maana msomaji hapati mtu wa kumfuata hadi mwisho. Lakini muundo huo unafuata ukweli wa jambo lenyewe. Vita vya wanawake havikuwa na jenerali wala uwanja mmoja. Vilikuwa kazi ndogondogo maelfu, kila moja ikiwa na hatari ya kifo, na hakuna mmoja aliyeziona zote.

Fauka ya hayo, Likimani ameandika juu ya mambo ambayo wanaume walioandika kumbukumbu zao waliyapita haraka. Kitabu cha J. M. Kariuki cha maisha ya kizuizini kilitoka mwaka 1963. Cha Karari Njama na Donald Barnett kilitoka mwaka 1966, na cha Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, mwaka 1967. Hivi ni vitabu muhimu, na historia ya Mau Mau ingekuwa maskini bila ya hivyo. Lakini maswali ya nani alisaga, nani alizalia handakini, msichana alifanyaje alipoombwa mwili wake ili mamake apewe ruhusa ya kwenda shambani, hayakuwa maswali ya majenerali. Kitabu cha Wambui Otieno, Mau Mau's Daughter, hakikutoka hadi mwaka 1998, miaka 31 baada ya kile cha Itote.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Mwaka uleule wa 1985 Svetlana Alexievich alichapisha katika Urusi ya Kisovieti kitabu chake kuhusu wanawake waliopigana dhidi ya Wajerumani, kilichojengwa kwa sauti nyingi badala ya shujaa mmoja. Humo nako wako wanawake waliorudi na nishani, wakazificha, kwa sababu jirani aliuliza walifanya nini kati ya wanaume wote wale. Waandishi hawa wawili walikabili tatizo moja, wakafikia mbinu inayofanana: ambapo kumbukumbu imevunjwa vipande, mwandishi mwaminifu huvikusanya vipande bila kujifanya kwamba chungu hakikuvunjika.

Maisha Baada ya Vita

Hali ya Hatari iliondolewa rasmi mwezi Januari 1960. Wanawake walirudi kutoka Kamiti, wakatoka vijijini, wengine wakatoka msituni baada ya Uhuru. Walirudi kwenye nini?

Kwanza walirudi kwenye ardhi iliyokwisha kupimwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliunganisha vishamba vilivyotawanyika na kuvitolea hati za kumiliki. Kazi hiyo ilifanywa Gikuyuni wakati watu wengi walikuwa vizuizini na hawakuweza kujitetea. Juu ya hayo, hati ziliandikwa kwa kawaida kwa jina la mwanaume, mkuu wa nyumba. Kwa mila, mwanamke aliyeolewa alikuwa na sehemu aliyogawiwa kulima, na haki yake ya kuilima ilijulikana na ukoo mzima. Hati mpya haikuwa na nafasi ya haki ya namna hiyo. Vita vilivyoanza kwa kilio cha ardhi viliisha huku mwanamke akiwa na haki ndogo juu ya ardhi kuliko aliyokuwa nayo mamake.

Pili walirudi kwenye siasa iliyowataka wanyamaze. Serikali mpya ilihimiza kusahau yaliyopita. Sera hiyo ilikuwa na sababu zake, kwa kuwa mwana wa homugadi na mwana wa mpiganaji walipaswa kuishi kijiji kimoja. Lakini katika kusahau, si wote waliopoteza kitu kilekile. Bunge la mwaka 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja. Hadi mwaka 1969 ndipo Grace Onyango alipochaguliwa kutoka Kisumu. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni haikuondolewa hadi mwaka 2003, hata mwanamke aliyetaka kusimulia alikuwa akisimulia habari za chama kilichokatazwa.

Tatu, walirudi na miili yao. Wako waliopoteza uzazi kwa mapigo na kwa baridi ya msitu, katika jamii iliyompima mwanamke kwa watoto wake. Wako waliozaa watoto wasio wa waume zao. Miaka mingi ikapita kabla ya jambo hilo kutamkwa hadharani kwa lugha ya sheria. Tarehe 5 Oktoba 2012 mahakama ya London iliamua kwamba walalamikaji watatu wazee kutoka Kenya wangeweza kuendelea na kesi yao ya mateso dhidi ya serikali ya Uingereza. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa angali msichana kwa kushukiwa kuwaunga mkono wapiganaji. Tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Yale ambayo riwaya ilikuwa imeyasema tangu mwaka 1967 yalikuwa sasa yamesemwa mahakamani.

Maisha ya Muthoni wa Kirima yalionyesha jambo hilohilo kwa njia nyingine. Alitoka msituni Uhuru ulipofika, akiwa na nywele ndefu za msokoto, na hakuzinyoa hadi Aprili 2022, karibu miaka 60 baadaye, nywele zikiwa ushahidi wa ahadi ambazo hazijatimizwa. Alifariki mwezi Septemba 2023. Mtunzi wa riwaya asingethubutu kubuni alama kama hiyo. Angeambiwa ametia chumvi.

Pengo katika Kiswahili

Makala hii ingekuwa na upungufu kama isingeuliza Kiswahili kimefanya nini. Mapema kabisa, mwaka 1969, P. M. Kareithi alitoa Kaburi Bila Msalaba, hadithi ya vita vya Mau Mau, akaonyesha kwamba lugha iliyolelewa pwani yaweza kuubeba msitu wa Nyandarua bila kutetereka. Tafsiri ya Mzalendo Kimathi ikafuata. Mlango ulifunguliwa, lakini waliopita ni wachache, na riwaya za Kiswahili zinazomfuata mwanamke wa vita hivyo hadi uzeeni mwake ni haba mno.

Ziko sababu. Mateso haya yalitokea zaidi miongoni mwa watu ambao lugha yao ya nyumbani ni Kigikuyu, Kiembu au Kimeru, na wasomi wao waliandika kwa Kiingereza au, kama Ngũgĩ baadaye, kwa Kigikuyu. Lakini matokeo yake si madogo. Mtoto wa Lamu, wa Busia au wa Tanga hupata habari za vita hivi kwa Kiswahili cha kitabu cha shule, na Kiswahili hicho bado kinasema "waliwasaidia". Maadamu Kiswahili ni lugha ya taifa, kumbukumbu isiyoandikwa humo hubaki kumbukumbu ya ukoo mmoja. Kazi ya kuileta si ya watunzi pekee; ni ya watafsiri, na ni ya sisi tulio katika idara za lugha, ambao twaweza kumtuma mwanafunzi mwenye daftari kwa bibi yake kabla bibi hajaondoka.

Hitimisho

Tarehe 12 Septemba 2015 mnara wa ukumbusho wa waliotendewa ukatili wakati wa Hali ya Hatari ulizinduliwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi. Sanamu yake ni ya mpiganaji anayepokea chakula kutoka kwa mwanamke, nao wameangalia pande mbili tofauti, ili akikamatwa mmoja asiweze kumtambua mwenziwe. Wengine wataona hapo mwanamke msaidizi, aliyeleta kapu. Lakini mchongaji ameonyesha kwa usahihi utaratibu wa jeshi la siri, na katika utaratibu huo anayetoa na anayepokea wana hatari moja, na wote wamefungwa na kiapo kimoja.

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya ilihifadhi mambo matatu ambayo nyaraka hazikuyahifadhi: kwamba kazi ya wanawake ilikuwa utumishi wa vita na si msaada, kwamba gharama yake iliandikwa miilini mwao na katika watoto wao, na kwamba Uhuru uliwakuta wakingoja kuzungumzwa nao. Tumeonyesha pia kwamba riwaya yaweza kukosea kwa kumtukuza mwanamke hadi akawa alama. Mwanahistoria atakayeendeleza uchunguzi huu atahitaji vyote viwili, majalada yaliyofunguliwa na hadithi ambazo hazikufungwa kamwe. Akianza kwa kubadili neno moja, akaandika "walitumika" palipoandikwa "walisaidia", atakuwa ameanza mahali panapofaa. Na itambidi kisha aulize walilipwa nini, na nani, na shamba li wapi.